Chumba cha kuchezea watoto kwenye nyumba ya Mbeya: anza na baridi, rangi ije mwisho

Wateja wanaonipigia simu kuhusu chumba cha watoto karibu wote huanza na rangi. "Fundi, nataka pinki ukuta huu, bluu ule, na katuni pale juu ya dirisha." Nawasikiliza mpaka wamalize, halafu nauliza: mwezi wa saba watoto wenu wanashinda wapi? Jibu ni lile lile. Jikoni, karibu na moto. Chumba unaweza kukipamba mpaka majirani waje kupigia picha, lakini kama sakafu inauma miguu, mtoto atachukua gari lake na kurudi kwa mama yake kwenye joto.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Makete na Njombe wanatucheka kwa kulalamika. Mwongozo huu ni kwa nyumba zetu za huku: chumba cha mita 3 kwa 3.5, tofali za kuchoma zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, bati juu. Msomaji wa Kyela asome tu sehemu ya mbao na ya usalama. Huko shida yao ni joto, na mengi nitakayosema hapa yatawachemsha watoto wake.

Hatua ya kwanza: chagua chumba kwa jua

Tuko kusini mwa ikweta kwa karibu nyuzi 9. Maana yake ni kwamba kipindi cha baridi jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kwa mtu wa Mbeya mjini kaskazini haihitaji dira, ni upande wa Loleza. Dirisha linaloutazama mlima huo ndilo linaloingiza jua chumbani Juni na Julai. Usihofu kwamba mlima utalikinga, kwa sababu saa sita mchana jua liko juu kuliko unavyofikiri. Kama uko Mafinga au Iringa, simama asubuhi jua likiwa mkono wako wa kulia; unakotazama ndiko kaskazini.

Dirisha la mashariki nalo ni zuri, hasa kwa watoto ambao hawajaanza shule na wanacheza asubuhi. La magharibi litakupa joto la alasiri. Chumba chenye dirisha la kusini peke yake kifanye stoo. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta magunia ya mahindi yanaota jua na watoto wamepewa chumba cha baridi, eti kwa kuwa ndicho kilichobaki. Hamisha magunia.

Kitu kingine cha kuangalia ni kama mtu aliyeko jikoni anasikia sauti za chumba hicho. Watoto wadogo hawachezi mbali na watu. Chumba cha mwisho wa korido, hata kikiwa kikubwa, kitakaa kitupu. Na kama huna chumba cha ziada, chukua kona ya sebule yenye jua, futi 6 kwa 8, uifuate hatua hizi hizi kwa udogo wake.

Hatua ya pili: pima unyevu kabla hujanunua chochote

Hapa ndipo pesa nyingi za rangi zinapotea. Ukuta una doa jeusi la ukungu pembeni, mwenye nyumba anapaka rangi juu yake mwezi wa kumi, mwezi wa pili mvua zikiwa zimekolea doa limerudi na rangi inachubuka kama ngozi ya nyoka. Mtoto anavuta hewa ya ukungu ule akiwa amekaa chini, pua yake karibu na ukuta.

Chukua kipande cha nailoni ngumu, ile mafundi wanayotandaza chini ya zege. Kata upate nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, hewa isipite. Bandika kingine sakafuni. Acha usiku na mchana mzima, kisha bandua. Ukikuta majimaji nyuma ya nailoni, upande unaogusa ukuta au saruji, unyevu unatoka ndani ya ukuta au ardhini. Ukikuta majimaji upande wa mbele tu, unyevu ni wa hewa ya chumba: nguo zinaanikwa ndani, dirisha halifunguliwi, au chumba kimepakana na bafu.

Unyevu wa hewa unatibiwa kwa kufungua dirisha kila siku jua likitoka na kuhamisha kamba ya nguo. Unyevu wa ukuta unahitaji utoke nje ukatafute chanzo. Mara nyingi ni udongo uliorundikwa ukutani kuliko usawa wa sakafu, au maji ya bati yanayodondokea kwenye msingi kwa kukosa gata, au bomba linalovuja ndani ya plasta. Ondoa udongo, weka gata, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Kisha kwangua plasta iliyooza, piga mpya, na uiache ikauke kabisa. Plasta mpya naipa wiki nne, na kipindi cha mvua naongeza.

Kwa hiyo ukiniuliza wakati mzuri wa kazi hii nyumba za huku, ni Septemba na Oktoba. Kumekauka, jua limerudi, na mvua bado.

Hatua ya tatu: joto la sakafu na la dari

Mtoto wa miaka mitatu anaishi sakafuni. Meza utakayomnunulia ataitumia kidogo; muda mwingi amelala kifudifudi anasukuma kitu. Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu kwenye chumba hiki, fanya sakafu.

Saruji tupu inanyonya joto la mwili. Marumaru ndiyo mbaya zaidi, na sijui nani aliwaambia watu wa Mbeya kwamba marumaru ni lazima kila chumba. Kama nailoni yako ya majaribio ilitoka kavu, tandika kapeti la plastiki lile nene, liguse kuta zote, halafu juu yake weka zulia la manyoya mafupi linalofunika sehemu ya katikati. Zulia za mtumba pale Mwanjelwa zinafaa sana kwa kazi hii. Chagua lisilo na mpira uliooza kwa chini, lifue kwa sabuni, lianike juani mpaka likauke hasa ndipo liingie ndani. Manyoya marefu yaache, yanaficha vitu vidogo na kushika vumbi.

Kama sakafu ilitoa majimaji, usiizibe yote kwa plastiki, utakuwa unafuga ukungu. Tandika mikeka ya ukindu, juu yake zulia, na kila wiki vitoe vyote nje vipigwe jua. Ile mikeka ya povu inayounganishwa kama vipande vya fumbo nayo ni ya joto na laini, ila ibandue kila mara uangalie chini yake, na kwa mtoto anayeota meno nunua ile ya vipande vikubwa visivyo na herufi za kuchomoka.

Juu sasa. Chumba kisicho na dari kinapoteza joto lote kupitia bati usiku, na mvua ya Januari ikinyesha watoto hawasikilizani. Jipsamu au silingibodi, chochote kile, mradi kuwe na dari. Mlangoni, upepo unaopita chini unazibwa na gogo la kitambaa: shona mfuko mrefu wa kitenge, upana wa mlango, ujaze mabaki ya nguo. Pazia liwe zito, liishie chini kidogo ya dirisha, lisifike sakafuni wala lisiwe na kamba ya kuvutia. Kamba ya pazia inanyonga mtoto.

Jambo la moto nalisema bila kuzunguka. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha watoto, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi nawakuta wazee wanaosema "sisi tulikua hivyo hivyo." Walikulia nyumba za udongo na nyasi zilizopitisha hewa kila upande, leo tuna dirisha la aluminiamu, dari na mlango uliobana. Mtoto avae sweta na soksi nzito, kazi ibaki kwa sakafu na jua. Hita ya umeme ukiwa nayo, itumike mtu mzima akiwepo, mbali na pazia, na waya wake usipite njiani.

Hatua ya nne: usalama kabla ya urembo

Hii niipitie haraka, ila usiruke.

Soketi zetu za matundu matatu ya mraba zina vifuniko vya ndani vinavyozuia kidole. Ekstensheni nyingi za bei rahisi hazina. Kwa hiyo hakuna ekstensheni chumba hiki. Soketi iliyopasuka ibadilishwe na fundi umeme. Taa iwe ya LED, ya mwanga wa njano, kwenye boksi angalia pameandikwa 3000K au chini. Ile nyeupe kali inafanya chumba kionekane baridi zaidi. Umeme ukikatika tumia taa ya kuchaji. Mshumaa hapana.

Nondo za dirisha zisipishane zaidi ya sentimita 10, na chini ya dirisha usiweke kiti, kabati wala kitanda cha kupandia. Toa komeo la ndani ya mlango, maana mtoto atajifungia. Kisha piga magoti na utambae chumba kizima. Utaona misumari na ncha ambazo ukisimama huzioni.

Hatua ya tano: ukuta

Sasa twende kwenye rangi mliyoingoja.

Nagawa ukuta sehemu mbili kwa mstari wa mlalo, sentimita 120 kutoka sakafuni. Chini ya mstari ni himaya ya mtoto, na itachafuka: tope jekundu, uji, penseli. Huko paka rangi ya maji aina ya silki, inayofutika kwa kitambaa chenye maji. Juu ya mstari rangi ya maji ya kawaida inatosha, tena nyeupe ya maziwa au njano iliyopauka, ili mwanga wa dirisha urudi chumbani. Rangi iliyokolea iwe chini, na iwe moja. Wazazi wanapenda kuta nne za rangi nne. Baada ya mwezi mmoja macho yanachoka, na ya mtoto pia, ukiongeza na rangi za vitu vyake vyote vilivyotawanyika.

Hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 13. Sehemu ya chini ni 13 mara 1.2, sawa na mita za mraba 15.6, toa mlango, inabaki kama 14.5. Kama dari iko mita 2.7, sehemu ya juu ni 13 mara 1.5, yaani 19.5, toa dirisha na kipande cha mlango, inabaki kama 17. Lita moja inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwenye ukuta uliolainishwa vizuri. Mikono miwili chini inakula lita 3, juu lita 3 na nusu. Ndoo mbili za lita 4, basi. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20 kwa chumba hiki, muulize nyingine anapaka wapi.

Angalia alama ya ubora ya TBS kwenye ndoo, na uepuke rangi za mafuta kwenye chumba cha watoto, hasa zile za kupimiwa kwenye vikopo visivyo na jina. Rangi za mafuta zenye rangi kali, nyekundu na njano, ndizo zilizokuwa na sifa mbaya ya kutiwa madini ya risasi. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nyumba yako ikiwa ya zamani, milango na fremu zimepakwa mafuta yanayobanduka, usipige msasa mkavu ukajaza vumbi nyumba nzima. Lowesha kwanza, tumia msasa wa maji, zoa mabaki yote kwa kitambaa chenye maji, na watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo.

Kama ni lazima upake mwezi wa sita au wa saba, fanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Rangi ya maji haishiki vizuri kwenye ukuta wa baridi kali, na mkono uliopakwa jioni utaukuta asubuhi bado unanata. Ukimaliza, acha madirisha wazi mchana kwa siku kadhaa mpaka harufu iishe ndipo watoto waingie.

Mstari wa katikati unaleta shida, kwa sababu kuta zetu hazijanyooka. Pima kwa pimamaji, piga uzi wa chaki, bandika tepu, na bado jicho litaona mawimbi. Dawa yangu ni reli. Juu ya maungio ya rangi mbili chora mkanda wa kijivu wenye upana wa sentimita 8, mistari miwili ya reli na mataruma yake, uzunguke chumba chote. Unaficha maungio, na watoto wamepata TAZARA yao. Anzia mlangoni na Dar es Salaam, kisha Kisaki, Ifakara, Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma. Baada ya dirisha unavuka mpaka, Kasama, Mpika, na unamalizia Kapiri Mposhi upande wa pili wa mlango. Kila kituo andika jina kwa herufi kubwa. Behewa moja moja unakata kwenye kadibodi ngumu na kulibandika kwa tepu ya pande mbili ili liweze kuhama. Nimeona mtoto ambaye hajui kusoma akijua Makambako iko wapi ukutani. Na umbali wote huo, kilomita 1,860, kwake ni hatua chache za kuzunguka zulia.

Michoro mingine sishauri mingi. Katuni unayoilipia leo mtoto ataichoka kabla rangi haijapauka. Afadhali ukuta mmoja ubaki mtupu kabisa, ukisubiri kazi zake mwenyewe.

Ubao wa kuchorea, lakini, weka. Nunua plaiwudi moja, futi 4 kwa 8, ikate katikati kwa upana upate vipande viwili vya futi 4 kwa 4. Kimoja kipake rangi ya ubao, ile ya kupaka mbao za shule, mikono miwili, na ukifunge ukutani ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 40 kutoka sakafuni. Kipande cha pili tunakitumia hatua inayofuata.

Hatua ya sita: mbao na samani

Hapa mimi ni seremala, mnivumilie nikirefusha.

Mbao nyingi za paini tunazonunua huku zinatoka Mufindi, kwenye Shamba la Miti la Sao Hill na mashamba ya watu yanayolizunguka. Ni mbao laini, nyepesi, nzuri kwa samani za watoto, kwa masharti mawili.

La kwanza, ziwe kavu. Mbao mbichi ni nzito, ukiigusa ina ubaridi, na ukiigonga inajibu kwa sauti iliyozibwa. Shelfu ya mbao mbichi itapinda mwezi wa tisa hewa ikikauka. Ukinunua mbichi kwa kuwa ni nafuu, zipange kivulini, kila safu uitenganishe na vijiti vya unene mmoja, juu weka mawe, na uzisahau wiki kadhaa.

La pili, zisiwe mbao za dawa. Utazitambua kwa ukijani uliofifia. Hizo ni za kuezekea. Dawa inayotumika sana kwenye nguzo na mbao za namna hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki, na mtoto ana tabia ya kulamba anachokishika. Muuzaji atakuambia za dawa hazili mchwa. Ni kweli, wapeleke mchwa wako kwenye paa. Mabaki yake pia usiyafanye kuni za jikoni. Moshi na majivu vina sumu ile ile.

Shelfu ya vitu vya kuchezea naitengeneza hivi: urefu futi 4, kina sentimita 30, kimo sentimita 70, ngazi mbili tu, bila milango. Mgongoni ndipo kipande chetu cha pili cha plaiwudi kinapokatwa kikaingia, kiizuie isiyumbe. Randa, kisha msasa namba 80, 120, na 180 ya mwisho. Kona zote zivunjwe kwa randa kisha zizungushwe kwa msasa mpaka ukipitisha mkono hazikukwaruzi. Tumia skrubu na gundi ya mbao. Misumari inalegea na kutoa kichwa.

Kisha ifunge ukutani. Hata ile fupi. Mtoto anapanda shelfu kama ngazi, na ikimwangukia haina utani. Vyuma viwili vya kona, skrubu zenye plastiki ya ukutani ya milimita 8. Kwenye tofali za kuchoma toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye maungio ya udongo, hapashiki kitu. Vumbi la drili litakuambia: jekundu kavu ni tofali, la kahawia linalomwagika ni udongo, sogea.

Kwa meza na viti, usikadirie kwa macho. Vipimo vya Ulaya vya samani za shule vinampa mtoto wa kimo cha sentimita 93 hadi 116 kiti cha sentimita 26 na meza ya 46. Anayefika 108 hadi 121 kiti cha 31 na meza ya 53. Kwa inchi za fundi wako ni kama 10 na 18, kisha 12 na 21. Una njia rahisi zaidi: mkalishe, nyayo zimetua chini, pima kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni. Hicho ndicho kimo cha kiti. Viti vya plastiki vya watu wazima vilivyokatwa miguu vinapinduka.

Hatua ya saba: tofali za mbao

Kabla hujaenda dukani kununua vya kupiga kelele, chukua mbao moja ya 2 kwa 2, futi 12. Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto vipande vya mbao vilivyogawanyika kwa uwiano, na hadi leo sijaona kitu cha dukani kinachochezewa muda mrefu kuliko hivyo.

Siri iko kwenye uwiano. Randa kwanza pande zote nne, ndipo upime unene uliobaki. Jina linasema inchi 2, lakini baada ya randa utapata kama sentimita 4.5. Kata vipande vya 18, vya 9 na vya 4.5, ili viwili vidogo vilingane na cha kati, na viwili vya kati na kirefu. Msumeno unakula milimita 3 kila unapopita, kwa hiyo pima upya baada ya kila mkato, usichore alama zote kwa mpigo. Mbao hiyo moja inatoa vipande 8 virefu, 16 vya kati na 12 vidogo, na kipande kinabaki. Msasa kila kona. Vanishi ya nini? Viache vitupu, vinashika vizuri vikipangwa.

Hatua ya nane: mapambo na kupanga vitu

Vikapu vya Iringa, vile wanavyosuka akina mama wa Kihehe kwa milulu, ndiyo hifadhi bora niliyoiona. Ni vyepesi, havina kona, na vinapendeza bila kupakwa chochote. Kikapu kimoja tofali, kimoja wanasesere, kimoja magari. Bandika mbele ya kila kimoja picha ya kilichomo ili hata asiyesoma ajue pa kurudisha. Vikae kwenye shelfu, si chini ambako unyevu utavimaliza.

Vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani kata pembetatu, vishone kwenye utepe, vipite juu kabisa karibu na dari, mikono isipofika. Shona pia mto mkubwa wa kukalia, wa kitambaa kizito cheusi, uujaze vipande vya sponji. Kwenye nyumba moja watoto waliubatiza Kimondo, kwa kile cha Mbozi, na sasa wateja wengine wananiagiza "fundi, na kile kimondo."

Picha na michoro vitundikwe kwa kimo cha macho yao, sentimita 90 hadi 100 katikati ya picha. Watu wazima wanatundika kwa kimo chao, mtoto anabaki kutazama ukuta. Kwenye ule ukuta mtupu vuta kamba ikaze, ncha zote mbili kwenye skrubu, juu kidogo ya kichwa cha mtoto, na weka vibanio vya nguo. Kazi zake za shule zitajipanga hapo.

Mlangoni, nje, weka ubao mdogo wa viatu na kitambaa cha kufutia miguu. Mwezi wa pili utanishukuru.

Vitu vya kuchezea usiviweke vyote. Theluthi moja ikae kwenye shelfu, vingine kwenye sanduku juu ya kabati chumbani kwako, na ubadilishe kila baada ya wiki mbili tatu. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kila kitu kinachopita kwenye kile kibomba cha kadibodi cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo, kwa hiyo gololi, vifuniko vya soda na kete za kaka zake ziwe na kopo lake lenye mfuniko, juu asipofika. Vifaa vyenye betri ndogo za duara kama kifungo viangaliwe kama mfuniko umefungwa kwa skrubu. Betri hizo zikimezwa zinaunguza koo ndani ya saa mbili, na mtoto aliyeimeza hapelekwi nyumbani kwanza kuangaliwa, anapelekwa hospitali moja kwa moja. Magari ya waya yana ncha, yachezewe barazani.